Ukame usisingiziwe kila kitu!

Hebu nikuulize, wewe unayesoma gazeti hili kijiweni: bonde lililojaa watu likibaki tupu, alaumiwe nani? Najua jibu lako. Mvua! Ndilo tulilokaririshwa, na wakubwa wa kila nchi hulipenda, maana mvua haishitakiwi mahakamani.

Sasa sikia. Huko Arizona, Marekani, kuna bonde liitwalo Long House. Mababu wa Wapueblo walilima mahindi humo karne nyingi, na kufikia mwaka 1300 hivi wote walikuwa wameondoka. Ukame mkali ulikuwapo kweli mwishoni mwa karne ya 13. Pete za miti zinashuhudia. Basi, kesi ikafungwa.

Robert Axtell, Joshua Epstein na wenzao waliifungua upya. Waliunda bonde lile ndani ya kompyuta, wakaweka kaya za bandia kuanzia mwaka 800. Kila kaya ina akili yake. Inahitaji kilo 800 hivi za mahindi kwa mwaka. Shamba lisipotosha, inahamia jingine. Ikikosa kabisa, inaondoka bondeni. Binti akikua anaanzisha kaya yake. Hakuna kigogo anayeziamuru ziongezeke au zipungue. (Hesabu zilinipiga chenga sekondari, lakini hili nililielewa mara moja.)

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Watu wa kompyuta waliongezeka na kupungua karibu sawa na wale ambao magofu yanaonyesha. Lakini tazama mwisho wake: ukame ulipopiga, kaya za kompyuta zilipungua sana, ila hazikwisha! Ardhi bado ilitosha kulisha baadhi. Watu halisi waliondoka wote.

Ndugu yangu, hapo ndipo mashine ilipofanya kazi ya maana, pale iliposhindwa kufanana na ukweli. Imetuonyesha kwamba njaa peke yake haitoshi kueleza. Sababu nyingine haikuitaja, wala isingeweza, kwani mashine hula unachoilisha. Hata rutuba ya mashamba iliwabidi wataalamu waipunguze ndipo idadi ikae sawa. Kwa hiyo anayekuambia kompyuta imetabiri idadi ya watu, usimpigie makofi kabla hujamuuliza kaya zake aliziwekea kanuni gani.

Na wewe je? Jirani wote wamefunga mizigo, shamba lako bado linatoa madebe kadhaa. Ungebaki peke yako?