Usimcheke Aliyebonyeza

Kila mwanafunzi akitapeliwa kwa barua pepe feki, komenti ni zile zile: "Mjinga huyo!" Wasee, tuache huo upuzi.

Hebu fikiria dada ametoka Nyamira, anangoja mkopo wa chuo. Yuko saiba Kisii mjini, analipa kwa dakika, na nyuma yake watu wamepanga laini. Barua inaingia: HELB, akaunti yako inafungwa leo, thibitisha hapa. Nembo ni ile ile. Wewe hungebonyeza?

Tunaambiwa tuangalie kama anwani inaishia na .go.ke. Sawa. KRA ni kra.go.ke, eCitizen ni ecitizen.go.ke. Lakini HELB ni helb.co.ke, ufadhili wa chuo unaombwa hef.co.ke, na KUCCPS ni kuccps.net. Zote ni za serikali! Wametuzoesha kuamini anwani ya kila aina, halafu mtoto wa watu akinaswa tunasema hana akili.

Ndiyo, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampa tapeli wa aina hii faini ya hadi shilingi 300,000 au jela hadi miaka 3, au zote mbili. Lakini sheria inakuja pesa ikishaenda. Kuweka ofisi zote za umma chini ya .go.ke kungesaidia kabla.

Mpaka wafanye hivyo, tujilinde. Mimi chuo niliacha, na hii haihitaji digrii:

Usifuate linki. Chapa anwani mwenyewe.

Kama ni lazima uangalie linki, soma mwisho wa jina, kabla ya alama ya / inayolifuata. Hapo ndipo mwenye boma anajulikana. Ukiona helb.co.ke halafu nukta na jina lingine, hapo si kwa HELB.

Ukiharakishwa, simama. Haraka ndiyo chambo.

PIN ya M-Pesa haiulizwi na ofisi yoyote, kwa barua wala kwa simu.

Umeshabonyeza na kujaza? Badilisha paswadi saa hiyo hiyo, na uambie wenzako.

Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Mtu akijua atachekwa, ananyamaza. Akinyamaza, barua ile ile inaenda kwa rafiki yake, kwa binamu yake, kisha kwako. Kila ukicheka, unamfanyia tapeli kazi, na hata hakulipi.