Weusi wa Biri si Ushahidi wa Upevu

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuniona leo, mimi niliyezoea kukuletea habari za tungo na maulidi, nikizungumza juu ya biri, yaani ile sigara nene ya jani tupu isiyokuwa na karatasi. Mimi si mvutaji, wala siandiki haya kumpendeza mvutaji yeyote. Lakini jambo lenyewe limeingia nyumbani kwetu likakaa kitako, na nilipolichungua niliona mna funzo linalotuhusu hata sisi tusiovuta.

Mtoto wa kaka yangu hufanya kazi Dubai katika duka la tumbaku. Majuzi alikuja likizo, na usiku mmoja baada ya swala ya isha alinitolea kisanduku cha mbao ya mwerezi. Ndani mlikuwa na biri kumi, nyeusi kama buni iliyokaangwa sana.

"Ami," akaniambia, "hizi huitwa maduro. Matajiri wazigombania. Nina akiba ya miaka minne. Nataka ninunue masanduku, niyaweke miaka mitano, kisha niuze. Waonaje?"

Alinijia mimi, alisema, kwa kuwa tangu udogoni mwake aliniona nikiwachagulia watu udi. Nilimwomba siku chache nisome na niulize. Haya ndiyo niliyomjibu, na nayaandika hapa kwani najua si yeye peke yake mwenye kijana aliye ng'ambo anayetafuta mahali pa kuweka akiba.

Maduro ni neno la Kihispania, na maana yake ni kilichoiva au kilichopevuka. Biri huwa na sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje ambalo ndilo vazi lake. Maduro ni sifa ya hilo vazi. Hutakiwa jani nene lenye mafuta, kama lile la bonde la mto Connecticut kule Marekani, au la bonde la San Andrés katika jimbo la Veracruz, Meksiko. Jani likishakaushwa bandani hurundikwa pamoja na mengine likiwa na unyevu, na lile rundo huanza kupata joto lenyewe kwa ndani, kama lundo la majani ya shambani. Wafanya kazi hulipima joto na kulipindua, kwani likizidi jani huoza. Katika kuchachuka huko jani hutoa harufu kali ya amonia, ukali wake hupungua, na rangi yake huwa nyeusi. La maduro huachwa katika joto kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko mengine. Jani jembamba haliyawezi mambo hayo, huchanika. Wakuba walipotoa Cohiba Maduro 5 mwaka 2007, ile tano ilikuwa ni hesabu ya miaka ambayo jani la nje limewekwa kabla ya kusokotwa.

Basi asili yake, weusi ulikuwa ni stakabadhi ya muda. Aliyeiona rangi ile alijua kuna mtu aliyengoja. Lakini ulimwengu ulipoanza kununua rangi, walitokea wajanja wa kuleta rangi bila kungoja. Wako wanaolipika jani kwa mvuke, na wako wanaolitia rangi. Hapo ndipo nilipoukumbuka udi. Wengi wetu tumewahi kuuziwa kipande kilichopakwa mafuta kikang'aa, na kilipotiwa chetezoni kikanukia kwa dakika moja, kisha kikatoa moshi wa kuni. Mama zetu hawakununua udi kwa macho.

Nilimwuliza kijana yeye huipimaje biri. Akanitajia ladha zake: kakao, kahawa, ngozi, pilipili manga, udongo uliolowa. Nikamwuliza, "Wewe mwenyewe umezionja?" Akacheka, akasema, "Ami, zimeandikwa katika karatasi ya dukani." Alikuwa amezihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi kabla ya kufundishwa maana, na wanunuzi wake nao humsikiliza wakitikisa vichwa.

Wapimaji wa kweli wana utaratibu wao. Jarida la Cigar Aficionado, lililoanza huko Marekani mwaka 1992, huivua biri utepe wa jina ili mpimaji asijue ni ya nani, kisha huipa alama kati ya mia moja. Hutazamwa jani kama lina mafuta na kama limesokotwa sawasawa. Huminywa ili ijulikane kama kuna mahali palipo wazi ndani. Hewa huvutwa kabla ya kuwasha. Ikishawashwa hupimwa kwa mafungu matatu, mwanzo, kati na mwisho, na moshi hukaa kinywani bila kumezwa. Ikiuma puani kwa amonia, basi haijapevuka, hata ikiwa nyeusi kama masizi. Na weusi ulio sawa pote kama meza iliyopakwa vanishi ni wa kutiliwa shaka, kwani jani la asili huwa na mabaka yake.

Tulilowesha kitambaa cheupe, tukazipitishia zile kumi moja moja. Saba ziliacha rangi hafifu kama ya chai, jambo ambalo hata jani safi laweza kulifanya. Tatu ziliacha weusi kama wa wino. Kijana alinyamaza.

Sasa tutazame soko. Shirika la Habanos, linalouza biri za Kuba duniani, ni nusu mali ya serikali ya Kuba. Nusu ya pili iliuzwa mwaka 2020 na kampuni ya Uingereza ya Imperial Brands kwa wawekezaji wa Asia. Mwaka 2022 bei za Cohiba na Trinidad zilipandishwa duniani kote zilingane na za Hong Kong. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, kimbunga Ian kiliupiga mkoa wa Pinar del Río, ambao ndio kitovu cha tumbaku bora ya Kuba, kikaangusha maelfu ya mabanda ya kukaushia. Ungedhani biashara ingeanguka pamoja na mabanda. La! Mauzo ya 2023 yalifika dola milioni 721, na ya 2024 dola milioni 827, huku Uchina ikiwa mnunuzi mkubwa kabisa. Haya yote yapita huku Wakuba wenyewe wakikaa gizani kwa kukatikiwa na umeme. Sifa ya kungoja ni ya mkulima na msokotaji, lakini bei ya kungoja hupangwa mbali nao.

Jambo jingine lilinivutia. Huko Marekani mwaka 2023 jaji mmoja aliziondoa biri bora katika kanuni za shirika la serikali linalosimamia tumbaku, na ilibidi ielezwe biri bora ni ipi. Zilitajwa sifa nane, kama vile kusokotwa kwa mkono, kuvikwa jani zima, na kutotiwa ladha ya kitu kingine. Mwaka 2025 mahakama ya rufani ilikubali kanuni ziondolewe, lakini ikaagiza maelezo yale yafikiriwe upya. Katika sifa zile nane, weusi haumo.

Na mimi mtu wa tungo siwezi kuwasahau wasokotaji. Tangu mwaka 1865, katika viwanda vya Havana, kumekuwa na msomaji anayewasomea kwa sauti wakiwa kazini, magazeti na riwaya. Jina la Montecristo limetoka katika riwaya waliyoipenda. Watu hao hukaa siku kutwa mikono kazini na masikio kitabuni, wakisokota kitu ambacho wengi wao hawana uwezo wa kukinunua kwa bei ya Hong Kong.

Mwisho nilimwambia kijana hivi: "Mwanangu, mali hii yataka unyevu wa kiasi cha asilimia 65 hadi 70, na joto likizidi mayai ya dudu wa tumbaku huanguliwa yakatoboa sanduku zima. Bei yake i mikononi mwa wachache usiowajua. Sehemu kubwa ya wanunuzi hununua rangi na sifa, na siku watakapochoka na rangi hii utabaki na majani. Hayo ni ya dunia. Ama kwa dini, maulamaa walikhitilafiana zamani, wengine wakasema ni makuruhu na wengine haramu, lakini tangu madaktari wathibitishe kuwa biri huleta saratani ya kinywa na ya koo, hata kwa asiyemeza moshi, wengi wameelekea kwenye kuikataza. Nawe wataka ungoje miaka mitano ili uuze dhara?"

Akanijibu, "Ami, na mshahara wangu wa sasa je?" Swali hilo lilinichoma, kwani najua karo za wadogo zake hulipwa nao. Nilimwambia atafute kazi nyingine, asiiache hii kabla ya kuipata, na amwombe Mola amfungulie mlango. Kama nimekosea, wenye elimu wanisahihishe.

Amerudi Dubai na kisanduku chake, na akiba yake iko palepale ilipokuwa. Nilimwandikia ubeti huu akauchukua:

Rangi haiwi upevu, ndani kukiwa kuchanga,
Subira ndiyo werevu, haraka huleta janga,
Alo na moyo tulivu, hauziwi jani changa,
Siku hazipakwi rangi, wala hazimo dukani.