Josho la Zamani na Maji ya Kisima Chako



Mashamba mengi ya skimu, yale yaliyoanza kugawanywa mwaka 1962 katika Mpango wa Eka Milioni Moja, yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Wengi wao walifuga ng'ombe na walikuwa na josho. Zamani, dawa iliyotiwa joshoni kuua kupe ilikuwa aseniki, sumu kali. Kupe walipoizoea, dawa nyingine zikachukua nafasi yake. Majosho mengine yalibomoka, mengine yakafukiwa, na leo huenda mahindi yameota juu yake.

Lakini aseniki haiozi. Matope ya joshoni yalimwagwa kando wakati wa kusafisha, na ng'ombe walichuruzika dawa palepale walipotokea. Sumu hiyo hukaa udongoni miaka mingi sana, na mvua yaweza kuishusha polepole hata ifike kwenye maji ya chini.

Je, wewe umechimba kisima chako wapi?

Wengi hudhani kwamba maji maangavu ni maji mema. Sivyo. Aseniki majini haina rangi, ladha wala harufu. Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema, lakini hakuondoi aseniki hata kidogo. Mtu huweza kunywa miaka mingi ndipo madoa yatokee ngozini, viganja na nyayo ziwe ngumu, na mwishowe saratani.

Watu wa Bangladesh walijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu ili waache maji machafu ya mabwawa. Mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba vingi vina aseniki, ambayo kwao imo ardhini yenyewe. Baadaye visima karibu milioni 5 vilipimwa. Vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama kijani. Mara nyingi chekundu na kijani vilikuwa majirani. Basi usitegemee kipimo cha kisima cha mwenzako.

Wako wasemao kwamba kupima ni gharama bure, tena shamba litashuka bei likijulikana lina sumu. Mimi sikubaliani nao. Chama cha ushirika hupima maziwa ya kila mwanachama asubuhi kwa asubuhi. Hakishindwi kulipia chupa chache za maji kwa mwaka. Huko New South Wales, Australia, majosho ya zamani zaidi ya 1,600 yanajulikana mahali yalipo. Sisi pia tuandike yetu, skimu kwa skimu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba hayo wangalipo wachache, nao wanajua josho lilikuwa wapi. Waulizeni mwaka huu, msingoje.

Kisima kilicho karibu na josho la zamani, au chini yake mteremkoni, kipimwe kwanza. Mkipeleka maji maabara, tajeni aseniki kwa jina, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiionyeshi. Kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 katika lita moja, yaani gramu moja tu katika lita 100,000. Pimeni wakati wa kiangazi na tena baada ya masika, kwa kuwa maji ya chini hubadilika, na majibu yaandikwe katika daftari la skimu, si kwenye karatasi ya kupotea mfukoni. Kisima kikionekana kibaya, kipakwe rangi nyekundu siku hiyo hiyo, watoto waonyeshwe, na maji ya kunywa yatekwe kwingine.