Chura wa Taita na Lugha ya Kumweleza

Katika vibanda vya wapiga chapa wa River Road, Nairobi, Kiswahili huchapwa kila siku kwenye mabango ya mahubiri na matangazo ya biashara, wala hapana mteja aulizaye iwapo lugha hiyo inatosha. Swali hilo huulizwa vyuoni, mara sayansi inapotajwa.

Mwaka 2009 wataalamu wanne, mmoja wao Patrick Malonza wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, walieleza spishi mpya ya chura kutoka misitu ya Milima ya Taita. Walimwita *Callulina dawida*, kwa jina ambalo wenyeji hujiitia wenyewe na milima yao. Jina, basi, ni la kwetu; maelezo yote ni ya Kiingereza.

Kugundua spishi si kuiona tu. Mtaalamu huteua kielelezo kimoja cha kuhifadhiwa, hulinganisha maumbile na chembe za urithi na za jamaa zake, kisha huchapisha *kwa maneno* sifa zinazombainisha mnyama huyo. Picha peke yake haikubaliki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la 1999, zinashauri sifa hizo zitolewe kwa lugha zilizoenea katika zuolojia, na vilevile kwa lugha za eneo anakopatikana mnyama. Ni ushauri, si sharti. Ndiyo maana hupuuzwa.

Tutaambiwa kwamba istilahi hazipo. Ni kweli kwamba neno letu “chura” humtaja mwenye ngozi laini na mwenye vinundu pia, ilhali Kiingereza huwatenga. Lakini kiwambo cha sikio, ncha za vidole na mabaka ya mgongoni, nani hayaelewi? Palipo na pengo tutakopa, kama tulivyokopa “spishi” yenyewe.

Chura huyu amebakiwa na vipande vya msitu kama Ngangao, Mbololo na Chawia, vilivyozingirwa na mashamba. Hapitii hatua ya kiluwiluwi majini, hivyo kulinda chemchemi pekee hakumfai. Anahitaji kivuli na majani yaliyooza. Mkulima anayepakana na msitu huo ndiye anayestahili kulijua hilo kwanza, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kumwarifu. Atakayeeleza spishi ijayo na aongeze aya moja ya Kiswahili na moja ya Kidawida. Ile ya 2009 yaweza kutafsiriwa muhula huu, mwalimu wa biolojia na wa Kiswahili wakiketi meza moja.