Tuwalishe wagonjwa wa kifua kikuu

Ndugu zetu Waislamu, dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure, nasi twamshukuru Allah (S.W.) kwa neema hiyo. Lakini dawa hizo humezwa kwa muda wa miezi sita, na mgonjwa aliyedhoofu hawezi kwenda kibaruani. Anapoanza kupata nafuu hamu ya chakula humrudia, na chungu ni kitupu. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliacha vidonge siku ambazo hapakupikwa kwake, kwa kuwa vilimzidishia njaa. Tulimlaumu. Hakuna miongoni mwetu aliyemuuliza amekula nini.

Katika jimbo la Jharkhand, India, lenye ufukara mkubwa, watafiti walilichunguza jambo hili kuanzia mwaka 2019. Wagonjwa 2,800 walipewa chakula kila mwezi: mchele, nafaka za jamii ya kunde, unga wa maziwa na mafuta. Baadhi ya familia zao nazo zikapewa mchele na kunde, nyingine hazikupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 39 katika familia zilizolishwa. Mwili wenye njaa hushindwa kuvidhibiti vijidudu vya maradhi haya. Tena, ni mzazi gani atakayekula peke yake huku wanawe wakimtazama?

Kwa hiyo msaada uwe wa nyumba nzima, na wa miezi yote sita. Futari zetu za Ramadhani ni jambo jema, ila Shawwal ikiandama sufuria hukauka. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, mafakiri na masikini ndio wanaotangulia miongoni mwa wanaostahiki Zaka. Wazee wasioweza kufunga nao hutoa fidia, kibaba kwa kila siku. Kwa nini kisipelekwe kwa mgonjwa fukara? Ama jirani asiye Mwislamu, mlango wa sadaka u wazi kwake.

Kamati za misikiti zizungumze na wahudumu wa zahanati, nao wamwombe mgonjwa idhini kwanza. Jina lake lisitangazwe baada ya swala, wala asipigwe picha akipokea gunia. Apelekewe nyumbani, mwezi baada ya mwezi, mpaka amalize dawa.