Mamlaka ni Amana



Twaandika maneno haya si kwa kumshitaki mtu, bali kwa kujikumbusha sisi wenyewe. Kila mmoja wetu hapa Magu anaye mkubwa wake, na anaye aliye chini yake. Asubuhi husimama mbele ya mkubwa, mikono nyuma, akiitikia kila neno. Adhuhuri huketi mezani pake, na mzee aliyetoka Kahangara husimama mbele yake. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, tumeona mzee wa umri wa baba yake karani akimwamkia karani huyo "shikamoo", naye karani akaitika "marahaba" bila haya. Mzee yule hakuwa mjinga wa adabu. Alikuwa na hofu, kwa maana alitaka muhuri, na muhuri ulikuwa mkononi mwa kijana.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi twaona kwamba dhuluma kubwa huanzia hapo, mtu anapodhani cheo ni mali yake.

Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, mtemi wa Usukuma aliweza kutoa amri, kumkamata aliyeivunja, kisha kuketi barazani na kumhukumu mtu yule yule. Wako watemi waliotenda haki. Lakini haki hiyo ilitegemea moyo wa mtu mmoja, na moyo wa mtu hubadilika. Serikali huru iliyaondoa mamlaka hayo mwaka 1963. Je, tabia yake iliondoka nayo?

Mwaka 1976 tulipata jibu chungu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wakiuawa, wakiwamo wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Maofisa wa polisi na wa usalama walipewa kazi ya kukomesha mauaji hayo, nayo ilikuwa kazi njema. Lakini watu waliokamatwa kwa kushukiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa watumishi wa Serikali, kabla hakimu hajawasikiliza. Mwaka 1977 Bwana Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu. Ila waliopiga walikuwa chini yake, naye akakubali kuubeba mzigo. Baadhi ya maofisa walishitakiwa wakatiwa hatiani. Bwana Mwinyi naye alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1985. Basi asiseme mtu kwamba kukiri wajibu humvunjia mkubwa heshima.

Lakini tusiwatazame wakubwa peke yao. Katika kila dhuluma yuko mdogo aliyefunga mlango, na mwingine aliyesikia kilio akainamia daftari lake. Utii ni sifa ya mtumishi, lakini kumtesa mtu kwa kuamriwa si utii wa kazi. Tangu haki za raia zilipotiwa katika Katiba mwaka 1984, kutesa na kudhalilisha mtu kumekatazwa, wala hakuna mkubwa ambaye amri yake i juu ya Katiba.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, mwananchi apewe kiti kabla hajaulizwa shida yake. Pili, anayemkatalia mtu haja yake aandike sababu, na amwonyeshe mahali pa kukata rufani. Tatu, mtumishi mdogo akikataa kutenda dhuluma, chama chetu kisimame naye, asiachwe peke yake mbele ya ghadhabu ya mkubwa.

Muhuri ni wa Serikali, ndugu zetu. Siku ya kustaafu tutauacha mezani, kisha sisi nasi tutakuja kusimama mbele ya kijana tusiyemjua, tukiomba haki zetu. Na atutendee kama alivyojifunza kwetu.