"Juu ya nini?" Mtoto wa Kolwezi na kalasi ya kunyamaza

Kila tunapokutana kuzungumza juu ya mila, hakosi mzee mmoja wa kusimama na kusema: "Mutoto mwenye kufundishwa muzuri ananyamazaka." Watu wanapiga makofi, mazungumzo yanaendelea. Sisi hatupigi tena makofi. Neno hilo limetumika mno, na sasa linatumika kutetea kitu ambacho si mila hata kidogo.

Tuanze na jambo lenyewe. Katika miaka hii wamekuja watu wanaosema kwamba shule ya watoto wadogo, materneli kama tunavyoiita, isiwe mahali pa kukaa kimya na kuitikia. Wanasema mtoto wa miaka 4 au 5 ajifunze kwa kushika, kujaribu, kuuliza na kuchagua, na mwalimu afuate swali la mtoto badala ya kumvuta mtoto afuate tablo. Hapa kwetu wazo hilo linapata maadui wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaosema: "Ile ni mambo ya Bazungu, itaharibisha batoto." Wa pili hawajijui kwamba ni maadui. Ni wenye shule za kulipia kwa dolari, wanaoweka vitu vya plastiki kutoka ng'ambo, wanapaka ukuta rangi tatu, kisha wanawaambia wazazi kwamba wameleta elimu ya kisasa ambayo haikuwapo katika nchi hii. Wote wawili wanakubaliana, bila kujua, juu ya jambo moja: kwamba mtoto anayeuliza si wetu, ametoka nje. Hapo ndipo tunapokataa.

Msomaji anajua materneli zetu zilivyo. Watoto wamebanana kwenye benchi, mikono imekunjwa kifuani. Mwalimu anasema, wote wanaitikia kwa sauti moja. Anauliza swali ambalo jibu lake analijua, nao wanalirudisha kama walivyopewa. Jioni baba anafungua kaye. Asipoona mistari ya herufi anakasirika: "Tunalipa makuta, mutoto anacheza tu?" Mwalimu naye, anayekula kwa makuta hayo hayo, kesho anawaandikisha watoto mistari zaidi. Tusimlaumu sana. Lakini tusiseme kwamba hivyo ndivyo bazee walivyotulea.

Kalasi hiyo ina asili yake, na asili yake ni kambi. Union Minière ilipoanza katika miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na wake zao kwa miaka mingi badala ya kuwabadilisha kila baada ya miezi michache, ilihitaji watu wa namna fulani, na ilianza kuwatengeneza wakiwa wadogo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ya kampuni, hospitali ya kampuni. Shule ziliwekwa mikononi mwa misheni, hasa Wabenediktini. Kolwezi iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ilizaliwa ndani ya mpango huo. Mwanahistoria Mmarekani Bruce Fetter, alipoandika mwaka 1973 juu ya maisha ya kambi hizo, hakuogopa kuyaita ya kiimla, maana kampuni ilitaka kuongoza kila kitu, hata chumbani. Naye Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitupa mwaka 2001 kitabu juu ya "bana Shaba", akaonyesha jinsi kampuni ilivyokuwa baba juu ya baba. Baba wa nyumba alitii kazini, akarudi akataka kutiiwa nyumbani. Mtoto alikaa chini kabisa ya ngazi hiyo. Swali lake lingepandia wapi?

Kiswahili kilikubaliwa kambini, hilo tunalijua. Lakini kazini kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha: leta, beba, ngoja, fanya mbio. Lugha yetu yenyewe ilifundishwa kukunja mikono.

Na hapa kuna jambo ambalo kila tukilifikiri linatuchoma. Wakati huo huo, Ubelgiji, alikuwapo daktari mmoja jina lake Ovide Decroly. Mwaka 1907 alifungua shule Brussels ambamo masomo yalianzia kwenye haja za mtoto mwenyewe: chakula, baridi, hatari, kazi. Watoto walitazama, wakapima, wakalinganisha, ndipo wakaandika. Mwaka 1936 mpango wa masomo wa shule za msingi za Ubelgiji ulifuata mawazo yake. Basi Mbelgiji alijua. Alijua vizuri kabisa jinsi mtoto anavyojifunza, na wa kwake alimfundisha hivyo. Wa kwetu alimfundisha kuitikia. Leo mjukuu wa mfanyakazi yule anasimama mbele yetu kutetea benchi la kambi na kuliita desturi ya mababu!

Kabla ya benchi kulikuwa na nini? Tuchukue mfano kwa majirani na ndugu zetu Watshokwe, ambao wengi wao wako hapa hapa Lualaba. Wana michoro ya mchangani inayoitwa sona. Mchoraji anasawazisha mchanga, anatia vitone kwa ncha za vidole kwa mistari iliyo sawa, kisha anapitisha mstari mmoja kati ya vitone, bila kuinua kidole, mpaka urudi ulikoanzia, huku akisimulia hadithi. Vijana walifundishwa michoro ya kwanza katika mukanda. Ile migumu ilikuwa ya mabingwa. Mtaalamu wa hesabu wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliitumia miaka mingi ya maisha yake kuichunguza, na aliyoyakuta si mchezo. Katika ile inayofanana na mkeka uliosukwa, ukiweka vitone safu 3 kwa 4, mstari mmoja unatosha kuvizunguka vyote. Ukiweka 4 kwa 6, mstari mmoja hautoshi, utahitaji miwili. Ukiweka 3 kwa 3, utahitaji mitatu. Juu ya nini? Jibu liko katika namba kubwa kuliko zote inayogawanya safu za pande zote mbili bila kubaki, jambo ambalo shuleni tunalipata katika miaka ya mwisho ya msingi na kulisahau baada ya mtihani. Mwenye kidole mchangani analigundua kwa kukosea: mstari umejifunga kabla ya kumaliza, vitone vimebaki pekee yao, anafuta, anaongeza safu, anajaribu tena.

Hata watoto wadogo walikuwa na michoro ya namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, msafiri kutoka Hungaria, alikuta watoto wa Wakuba kule Kasai wakichora mchangani. Hawakukunja mikono mbele ya Mzungu. Walimpa yeye mtihani: achore umbo bila kuinua kidole. Alishindwa, na wao wakafurahi sana. Tungependa inspekta mmoja apewe mtihani kama huo siku moja.

Kuna pia kisolo, kile cha mashimo ardhini na kokoto. Nani kati yetu alikaririshwa kisolo? Mtoto alichuchumaa pembeni, akatazama mikono ya wakubwa, akahesabu kimoyomoyo, akachekwa alipocheza vibaya, akarudi kesho. Na vitendawili vya jioni vilifanya kazi gani kama si kumwalika mtoto abahatishe, akosee mbele ya watu, abahatishe tena bila kupigwa?

Hatusemi kwamba zamani yote ilikuwa asali. Mukanda ulikuwa na fimbo, na ulikuwa wa wavulana tu. Mtoto hakuingilia baraza la wazee, na hata sisi hatutaki aingilie. Heshima ipo na ibaki: kupiga magoti kidogo unapompa mkubwa kitu, kutomkatiza anaposema. Lakini kunyamaza barazani ni kitu kimoja, na kunyamaza katika kujifunza ni kingine. Bazee walijua tofauti. Kambi ndiyo iliyovichanganya.

Tazama sasa njia za Manika, Kapata au Luilu jioni. Mtoto amepata waya. Anaukunja, anatengeneza kamyo, ile kubwa ya mgodini yenye sanduku la kumwaga. Magurudumu ni vizibo au vipande vya kandambili, usukani uko juu ya fimbo ndefu ili asimame wima akiendesha. Gurudumu linakataa kupinda. Anakaa chini, anafungua, anaomba shauri kwa mwenzake, anafupisha ekseli, linapinda. Asubuhi mtoto huyo huyo anaingia kalasini, na jambo la kwanza analoambiwa ni kuiacha kamyo nje ya mlango.

Kisha kuna lugha. Mtoto hawezi kuuliza katika lugha asiyokuwa nayo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mahali kuwa za kufundishia na kujifunzia. Lakini mzazi wa Kolwezi anataka mwanawe wa miaka 3 aseme Kifaransa kufikia Noeli, na shule inamuuzia anachotaka. Matokeo yake ni kasuku mwenye sare. Kifaransa tunakihitaji, hata mashauri ya chama chetu tunayaandika kwa Kifaransa mara nyingi. Ila "juu ya nini?" ya kwanza ya mtoto wa hapa inatoka kwa Kiswahili, na ikizimwa mara kumi hairudi kwa Kifaransa.

Wapo wanaotujibu kwa hoja nzito zaidi, na hao tunawaheshimu. Wanasema: mnataka watoto wachezee mchanga, mchanga gani? Hapa si kijiji cha hadithi. Ni kweli. Kasulo, mahali ambapo mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wakachimba hadi chini ya vitanda, utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven uliotolewa mwaka 2018 ulipima watu mkojo na damu, na watoto ndio waliokutwa wameathirika kwa namna ya kutisha zaidi. Vumbi lile lile walilochezea. Basi mwenye kutuletea ufundishaji wa kugusa udongo bila kupima udongo, naye anakariri tu, kama mwalimu wa zamani. Lakini angalia hoja hii inatupeleka wapi. Haitupeleki kwenye benchi, maana mtoto anayekunja mikono asubuhi anakanyaga vumbi hilo hilo mchana. Inatupeleka kwa wenye vumbi. Kodi ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Tumeona fedha za namna hiyo zikigeuka kuta, mageti na vibao vyenye jina la mfadhili. Hatujaona ua mmoja wa materneli uliopimwa udongo wake, ukaletewa mchanga safi, ukapandwa miti ya kuzuia vumbi.

Wengine wanasema: afadhali akae kimya kalasini kuliko kuzunguka migodini. UNICEF mwaka 2014 ilikadiria watoto kama 40,000 katika migodi ya kusini mwa Katanga ya wakati ule. Hatudai kwamba kalasi ya maswali itawatoa huko. Huko wanapelekwa na njaa, na bei ya unga. Serikali iliondoa minervali ya shule za msingi za umma kuanzia Septemba 2019, jambo jema, ila materneli ilibaki nje ya mpango huo, na mwenye nyumba ya watoto sita anajua atakachokata kwanza. Lakini kumwambia maskini kwamba wa kwake anyamaze, kwa kuwa amebahatika kuwa ndani, na swali liwe la watoto wa dolari, hapana. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Leo jina lake liko kwenye mageti ambayo watoto wa maskini hawayapiti.

Wala isisemwe kwamba haiwezekani bila plastiki ya ng'ambo. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa, Kenya, walitaka watoto wao wajiandae kwa shule bila kupoteza dini na mila. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, walifungua shule za awali ndani ya madrasa zao. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, mbegu, vizibo, vitambaa. Kina mama wa mtaa walifundishwa kazi ya ualimu. Mtoto alichagua pembe ya kuchezea, alihesabu vifuu kwa Kiswahili, na Kurani ilisomwa vilevile. Mpango ulifika Zanzibar na Uganda. Pale wazee wa msikiti hawakuona kwamba swali la mtoto linavunja heshima.

Sisi hatuna vifuu vya nazi. Tuna waya, kokoto, mbegu za miti ya pori, na wazee wachache wanaojua bado kuchora sona na kutega vitendawili. Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji mfadhili: direkta amkaribishe mzee mmoja kwa juma, asije kutoa hotuba, aje kukaa chini na watoto. Kamyo za waya ziingie kalasini. Asubuhi za kwanza ziwe za Kiswahili. Na kwa yale yanayohitaji fedha, wajumbe wetu wanaokaa katika kamati zinazogawa ile asilimia 0.3 waulize, mbele ya watu, kabla ya ukuta mwingine kupakwa rangi: udongo wa ua huu umepimwa na nani, na majibu yako wapi?